Tusiwapeleke Watoto Kambini Bila Orodha: Wito kwa Busia na Malaba

Ndugu zangu wa Busia na Malaba, sidhani kuna watu Kenya nzima wanaojua thamani ya orodha kama sisi. Lori likitoka bandarini Mombasa hadi Malaba huwa limetanguliwa na makaratasi yake: katoni ni ngapi, ndani mna nini, uzito ni kiasi gani, nani kauza na nani kanunua. Ajenti wa forodha huyapitia mstari kwa mstari kabla afisa hajayagusa, kwa sababu anajua kwamba katoni moja isiyoandikwa inaweza kulilaza lori zima mpakani. Hata mama anayevusha maharagwe kidogo pale Busia ana karatasi yake. Chini ya utaratibu wa biashara ndogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hujaziwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani. Anaandika magunia, anaandika kilo, anavuka. Mali bila daftari huisha bila habari, na miji yetu imeujengea msemo huo maofisi.

Sasa njoo likizo ya Agosti. Basi limeegeshwa kwenye uwanja wa kanisa au wa shule saa kumi na moja alfajiri, watoto arobaini hawajalala kwa hamu, na mizigo inarushwa juu ya keria na chini ya viti jinsi inavyofika. Sufuria la kupikia watu hamsini limo, mwiko wake haumo. Mahema yamo, lakini vigingi vya moja vilibaki kwa kijana aliyelikopa Pasaka. Mtoto mmoja kaja na mablanketi matatu, jirani yake ana leso ya mamake tu. Kama hilo lingekuwa kontena la vipuri, tungeuliza maswali ishirini kabla geti halijafunguliwa. Kwa kuwa ni watoto wetu, tunauliza moja: "Wote wako?"

Ninaandika kuwaomba walimu, viongozi wa vijana makanisani na misikitini, walezi wa maskauti na wa klabu za mazingira, na ninyi wazazi mnaolipa nauli: kila kundi linalotoka Busia au Malaba kwenda kulala nje liwe na orodha iliyoandikwa, inayosomwa kwa sauti kabla ya kuondoka, na inayorudi nyumbani pamoja na basi.

Tuko mahali pazuri mno kwa kambi, ila nadhani vumbi la malori limetuziba macho. Kaskazini upo Mlima Elgon, hifadhi ya taifa tangu 1968, wenye mapango ambamo tembo huingia usiku kuchimba chumvi. Mashariki, mwendo wa asubuhi moja, upo Msitu wa Kakamega. Ndani ya kaunti yetu wenyewe iko Kakapel, jabali lenye michoro ya kale kwenye vilima vya Chelelemuk, ambapo watafiti walitangaza mwaka 2024 kwamba wamepata mabaki ya kunde za miaka kama 2,300 iliyopita. Kusini kuna fuo za Sio Port na Port Victoria. Ukivuka mpaka, Jinja hiyo, Mto Nile unapotoka ziwani. Na kila mwaka kabla ya Juni 3 mahujaji hupita Busia na Malaba, wengine kwa miguu, wakienda Namugongo kuwakumbuka mashahidi wa Uganda, safari ya karibu kilomita 200 wakilala kwenye viwanja vya parokia. Hiyo nayo ni kambi, tena kambi inayohama kila jioni.

Kila mahali hapo panataka orodha yake, na hapa ndipo wengi tunapoteleza. Chukua Elgon. Busia iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200. Kilele cha Koitobos, kinachopandwa kutoka upande wetu wa Kenya, kina mita 4,222. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi kama sita. Maana yake, usiku ambao Malaba ni nyuzi 18 na mtoto anatupa shuka pembeni, penye mita 3,500 ni nyuzi nne hivi, na hapo upepo na mvua havijahesabiwa. Mtoto aliyekulia Adungosi hajawahi kulala kwenye nyuzi nne. Ukimwambia "beba nguo za baridi" ataleta ile sweta ya shule, kwa uaminifu kabisa, kwa kuwa kwake hiyo ndiyo nguo ya baridi.

Kwa hiyo orodha ya Elgon isiandike "nguo za baridi". Iandike sweta mbili nzito, moja isivaliwe mchana ili ibaki kavu, soksi jozi tatu, moja ya kulalia tu, kofia ya sufu, suruali ndefu kwa wavulana na wasichana, mablanketi mawili. Idadi, na kazi ya kila kitu. Hakuna afisa wa forodha atakayepokea karatasi iliyoandikwa "bidhaa mbalimbali", nasi tusiwaandikie wazazi hivyo.

Kakamega ni habari nyingine. Huko adui ni maji, maana mvua ya alasiri haina miadi, na mahema ya Buyangu yanataka mfereji mdogo kuyazunguka, hivyo jembe liwemo. Ziwani ni mbu. Ukanda wetu wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko kwingine Kenya, na sioni sababu ya mtoto anayelala chini ya neti nyumbani Bunyala kulala bila neti wiki nzima eti kwa sababu yuko kambini. Neti ya duara inaning'inia vizuri ndani ya hema kubwa, kwa kamba na ndoano moja. Andikeni kamba. Andikeni ndoano.

Mambo haya si mageni katika ardhi hii. Karne ya 19, kabla reli haijafika, misafara kutoka pwani ilipita kwa Nabongo Mumia ikielekea Buganda, na Mumias kilikuwa kituo kikubwa cha kupumzika na kununua chakula. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, na kila mzigo ulijulikana una nini: marikani, kaniki, shanga, nyaya. Chakula mlikinunua njiani, lakini shanga za kukinunulia mkizisahau pwani hamna pa kuzipata. Kiongozi wa msafara alijua hesabu ya mizigo yake kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Kwa lori la siku hizi tungali tunafanya hivyo. Kwa basi la watoto tumeacha.

Najua kuna mwalimu anayesoma hapa akisema moyoni, "Mimi nimepeleka watoto kambini miaka mingi, naijua kazi, orodha ni ya wageni." Mwalimu, nakuheshimu, lakini nikupeleke Ifakara kidogo. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, pamoja na hospitali za miji kama London, Toronto na Manila. Madaktari wa upasuaji walipewa orodha fupi ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19, ya kusoma kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Mambo yenyewe ni ya kawaida: jina la mgonjwa, upande unaopasuliwa, vitambaa vimehesabiwa. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Wale hawakuwa wageni wa kazi. Walikuwa mabingwa, na ubingwa wao haukuwazuia kusahau saa za haraka. Alfajiri ya safari, na dereva anapiga honi, ni saa ya haraka.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma zaidi ya mwiko na vigingi.

Orodha nyingi ninazoziona zikitumwa kwa wazazi kwa simu zimechukuliwa kwenye intaneti, zimeandikwa kwa ajili ya watu wa mbali wenye duka la vifaa vya mlimani kila mtaa. Mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata. Buti za kupandia mlima. Koti lisilopenya maji. Taa ya kichwani. Mzazi anayeuza omena soko la Busia anaisoma, anapiga hesabu kimya kimya, kisha anamwambia mtoto kwamba wiki hiyo kuna kazi shambani. Mtoto haendi. Mwalimu anaandika "hakupata ruhusa". Hapakuwa na mtu aliyemkataza mtoto huyo kwenda ila karatasi, na karatasi hiyo tuliituma sisi.

Wazazi wa Kenya tunaijua adhabu ya orodha. Ile barua ya kujiunga na shule ya bweni, yenye godoro, sanduku, ndoo, jembe na viatu jozi mbili, imekausha mifuko na kuuza mbuzi katika nyumba nyingi. Tusiitengeneze nyingine kwa ajili ya kitu kinachopaswa kuwa furaha.

Andikeni orodha ya soko letu. Mablanketi mawili yaliyoshonwa pande tatu kwa uzi wa gunia yanamlaza mtoto vizuri kama mfuko wowote wa kulalia, na fundi yeyote wa cherehani hamalizi nusu saa. Chini yake wekeni mkeka juu ya turubai, na maboksi yaliyokunjuliwa chini ya mkeka, kwa kuwa baridi ya kambini huja zaidi kutoka ardhini kuliko hewani. Sweta nzito za mitumba zipo tele, tena huku kwetu joto linazifanya ziuzwe kwa bei ya huruma. Raba za shule zinatosha Kakapel na Kakamega. Kwa Elgon, mwenye buti amkopeshe asiye na buti, na hilo liratibiwe mapema na mwalimu mwenyewe, kwa siri, mtoto asiaibike siku ya safari.

Hata mpangilio wa karatasi una haki yake. Mimi ningetenganisha vya kundi na vya mtoto. Vya kundi (mahema, turubai, masufuria, mwiko, panga, kamba, jerikeni za maji, kiberiti kwenye kopo, tochi kubwa, sanduku la huduma ya kwanza) vitafutwe na wakubwa na mzazi asiulizwe. Vya mtoto viwe vichache kiasi cha kutosha mkoba mmoja anaoweza kuubeba mwenyewe mwendo wa kilomita moja. Orodha ikizidi ukurasa mmoja, ipunguzeni. Karatasi ndefu haisomwi, na isiyosomwa ni afadhali isingeandikwa, maana inamfanya kiongozi alale akidhani amejiandaa.

Kuna sehemu ya orodha ambayo haibandikwi ukutani. Inakaa kwa kiongozi mmoja anayeaminika. Nani ana pumu na dawa yake ya kuvuta iko mfuko gani. Nani ana kifafa. Nani anakojoa kitandani, aandaliwe pa kulala bila kelele. Na huku kwetu magharibi, nani ana selimundu. Ugonjwa huu ni mwingi katika ukanda wetu kwa sababu hiyo hiyo ya malaria, na baridi, mwinuko mkubwa na upungufu wa maji mwilini ni mambo yanayoweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Mtoto mwenye selimundu anaweza kwenda kambini na kufurahi, kwa ushauri wa daktari wake, lakini Kakapel inamfaa kuliko vilele vya Elgon, na chupa yake ya maji isikauke hata saa moja. Mzazi, usilifiche hili kwa kuogopa mtoto ataachwa. Mwalimu, nawe usimfanye mzazi aogope.

Kwa wasichana, sodo ziwe kwenye orodha ya kundi, za akiba, zikae kwa mlezi wa kike. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali iwape wasichana wa shule sodo bure, na kambi haiko nje ya ubinadamu huo. Kundi lisilo na mlezi wa kike lisiondoke na wasichana, basi.

Tugeukie mpaka, kwa kuwa sisi ndio wenyewe na bado tunajikwaa. Kuishi hatua chache kutoka Uganda kumetufanya tudhani kuvuka ni kama kwenda sokoni. Mtu mzima ni kweli: tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Na tangu vituo viwe vya pamoja, Busia ikizinduliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili Februari 2018, unagongewa mara moja upande unaoingia. Lakini watoto thelathini hawana vitambulisho. Kila mmoja awe na hati yake ya kusafiria au karatasi ambazo maofisa wa uhamiaji wamewaambia mje nazo, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na barua ya mzazi yenye namba ya simu. Nendeni mkaulize ofisini wiki mbili au tatu kabla, mkiwa na majina yote. Kiongozi awe na orodha ya majina nakala nne, na mpangilio wa majina ulingane na mpangilio wa bahasha ya vyeti. Ajenti yeyote atawaambia jinsi jambo dogo kama hilo linavyookoa saa nzima dirishani.

Kisha homa ya manjano. Uganda hudai kadi ya chanjo hiyo kwa wanaoingia, watoto wa zaidi ya mwaka mmoja wakiwemo. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, hivyo kuikumbuka jioni ya kuamkia safari hakusaidii. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 sindano moja hutambuliwa maisha yote, kwa hiyo kadi iliyopotea ni hasara kubwa kuliko sweta iliyopotea. Kadi zikae pamoja kwa kiongozi. Pia ulizeni maofisa wa afya wa mpakani hali ikoje wiki hiyo: Uganda ilipotangaza Ebola Septemba 2022, na tena Januari 2025, wasafiri wa Busia na Malaba walipimwa joto na kuulizwa walikotoka. Hilo si la kuogopwa, lakini ni la kujulikana kabla basi halijajaa.

Na plastiki, ambayo hutukamata tukirudi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini inayoweza kufika shilingi milioni 4. Mtoto aliyenunua mahindi ya kuchoma Jinja, akafungiwa kwenye kaveera, hajui kwamba mlangoni mwa nchi yake hicho ni kosa. Andikeni vikapu na mifuko ya kitambaa kwenye orodha, viwili vya ziada kwa kila kundi. Hata wasiovuka wanahusika, kwani tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa na misitu ya Kenya. Chupa za maji za dukani, sahani na vijiko vya plastiki vya kutupa havipiti getini Elgon wala Kakamega. Kila mtoto abebe kikombe chake, sahani yake na chupa ya kudumu, vyenye jina lililoandikwa kwa rangi ya kucha, ambayo haifutiki kwa sabuni. (Dada zenu wakubwa watalalamika. Waacheni walalamike.)

Jinsi ya kuitumia orodha nako kuna ujuzi, na hapa nina msimamo. Asiyefungasha ndiye asome. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anagusa kitu kwa mkono, wa tatu anatia alama. Kugusa, tafadhali, kuitikia "ipo" hakutoshi, kwa maana "ipo" ya mwenye haraka ina maana "niliiona juzi". Kazi hiyo ifanywe jioni ya kuamkia safari, mizigo ikiwa imetandazwa uwanjani, duka likiwa bado wazi. Hema zisimamishwe zote, hata kama kijana anaapa kwamba ni nzima. Jiko la gesi liwashwe. Tochi ziwashwe, betri zitolewe na kufungwa kando ili zisiishe njiani.

Na watoto wafanye kazi hiyo wenyewe. Wa Gredi ya Tano anaweza kusoma orodha. Wa Gredi ya Nane anaweza kuiandika, kuikadiria bei kwa kwenda sokoni, na kubishana na wenzake kama panga ni moja au mawili. Mimi naona mabishano hayo yana elimu kuliko nusu ya yale wanayokwenda kufundishwa kambini. Maskauti wana wito wao, Uwe Tayari. Kujiandaa kwenyewe kunaanzia kwenye karatasi hiyo.

Siku ya kurudi ndiyo inayosahaulika. Watu wamechoka, nguo ni mbichi, kila mtu anataka nyumbani. Hapo ndipo masufuria hubaki mtoni na neti hubaki zikining'inia. Orodha ile ile isomwe tena kambini kabla ya injini kuwashwa, vitu na watoto, na takataka zihesabiwe kuwa mzigo wa kurudi nao. Kisha, ndani ya wiki hiyo, viongozi wakae dakika chache na kalamu nyekundu. Kisichoguswa safari nzima kifutwe. Kilichokopwa kwa kundi jirani kiongezwe. Karatasi hiyo iliyochafuka kwa matope na kalamu iwekwe kwenye faili, kwa sababu mwalimu atahamishwa, mlezi ataolewa Eldoret, na kundi la mwaka ujao litaanza upya kama vile hakuna aliyewahi kulala nje.

Nina maombi mawili ambayo yanazidi uwezo wa shule moja.

La kwanza kwa maajenti wa forodha wa Malaba na Busia. Mna ujuzi ambao vitabu vya shule havina. Jitoleeni alasiri moja kila muhula, mwende shule iliyo jirani na ofisi zenu, mwaonyeshe watoto jinsi orodha ya mizigo inavyoandikwa: jina la kitu, idadi, uzito, alama ya mfuko, jina la anayehusika. Waacheni waandike orodha ya kambi kwa mtindo huo huo. Na ninyi ndugu zetu wa baiskeli za magurudumu matatu pale Busia, mnaovusha mizigo kwa nguvu za mikono, waonyesheni jinsi mzigo unavyopangwa, kizito chini na kinachohitajika kwanza juu. Sijaona mtu anayepanga mzigo vizuri kuwashinda.

La pili kwa parokia, misikiti, shule na ofisi za wadi. Hakuna haja ya kila kundi kununua mahema kumi yanayokaa stoo miezi kumi na moja yakiliwa na panya. Tuwe na ghala moja la vifaa vya kambi Busia na jingine Malaba. Mahema, turubai, masufuria makubwa, mablanketi, makoti ya mvua, buti za saizi mbalimbali. Waliohama kwenda Nairobi au ughaibuni wachangie walichonacho, wafanyabiashara wa mitumba watoe beli moja ya sweta kwa mwaka. Mtunzaji awe mmoja, daftari liwe moja, anayekopa aandike na anayerudisha aandike. Mafuriko ya Mto Nzoia yakiwafukuza ndugu zetu wa Budalang'i, kama yalivyofanya mara nyingi, mahema na mablanketi hayo hayo yawafikie siku ile ile, yakiwa yamehesabiwa.

Basi tuanze kabla shule hazijafungwa. Mwalimu, chagua wanafunzi wanne wenye mwandiko mzuri, uwape karatasi moja, uwaambie waandike kile ambacho mtoto wa nyumba maskini kuliko zote darasani anaweza kukipata, kisha wakubwa mtafute kilichobaki. Mzazi, ikikufikia orodha yenye kitu usichokiweza, usimfungie mtoto nyumbani. Piga simu shuleni useme. Na kundi linalovuka mpaka Agosti lianzie kliniki ya chanjo mwezi wa Julai.